Daftari la Sayyidna Umar (R.A.) na Pengo la Mali Lililofuata

  

Jioni moja, baada ya darsa ya fiq-hi msikitini kwetu, kijana mmoja anayefanya kazi ya uchukuzi wa mizigo aliniuliza: "Shekhe, tajiri akishatoa Zaka yake, sisi masikini tuna neno tena juu ya mali yake?" Nilimjibu haraka, kwa kuwa adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Nikamwambia kwamba mali iliyotolewa Zaka si kanzi, na mwenye mali hiyo hana lawama. Kijana akasema ahsanta, akaenda kutia udhu.

Jibu lile lilikuwa sahihi kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni. Lakini usiku ule nilijiona sikumjibu alichouliza. Yeye aliuliza juu ya hali yake, mimi nikamjibu juu ya dhambi za mwenye mali. Makala haya ni jaribio la kulirudia jibu lile, na kwa ajili hiyo imenibidi nirejee karne ya kwanza ya Hijria, kwani swali hili Maswahaba wenyewe (Allah awe radhi nao) waliulizana, na walikhitalifiana.

Tutangulize jambo moja. Sisi Ahlus Sunna hatuwataji Maswahaba ila kwa kheri. Kutaja utajiri wa mmoja wao si kumtia ila, na kutaja ikhtilafu yao si kuwahukumu. Wao walikuwa wakweli kuliko sisi katika kulitazama jambo hili, nasi tunajifunza kwao.

MGAO WA SAWASAWA

Khalifa wa kwanza, Sayyidna Abubakar (R.A.), alipojiwa na mali aliigawa kwa watu wote sawasawa. Al-Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, amepokea katika Kitabul Kharaj, kitabu alichomwandikia Khalifa Harun Ar-Rashid, kwamba mgao ule haukubagua mdogo na mkubwa, muungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke. Kila mtu alipata dirhamu saba na thuluthi. Mwaka uliofuata mali ikazidi, kila mtu akapata dirhamu 20.

Wakatokea watu wakasema: umewasawazisha watu, na miongoni mwao wako wenye fadhila na waliotangulia katika Uislamu, ingefaa uwatukuze hao. Jibu la Abubakar ni msingi wa mas-ala yote tunayoyazungumza. Alieleza kwamba fadhila hizo anazijua, lakini thawabu zake ziko kwa Allah. Hii ni riziki ya kuishi, na katika riziki kusawazisha ni bora kuliko kupendelea.

Sayyidna Umar (R.A.) hakuwa na rai hiyo. Yeye aliona haiwezekani aliyepigana dhidi ya Mtume (S.A.W.) awe sawa na aliyepigana pamoja naye. Nani atasema hoja hii haina uzito? Bilal aliteswa juu ya mchanga wa Makka, na wengine walisilimu siku Makka ilipofunguliwa. Hata hivyo, ulipofika wakati wake ndipo ilipoonekana tofauti baina ya hoja nzuri na matokeo yake.

MALI YA BAHRAIN

Abu Yusuf amepokea pia kwamba Abu Hurayra (R.A.) alirudi Madina kutoka Bahrain akiwa na dirhamu 500,000. Umar alipomuuliza ameleta nini, akataja kiasi hicho. Umar akamuuliza kama anajua anachokisema. Akasema naam, laki moja, na laki moja, mpaka zikatimia tano. Umar akamwona ana usingizi, akamwambia aende akalale, arudi asubuhi. Asubuhi ikaja, na hesabu ikawa ileile. Mji wa Madina, ambao miaka michache nyuma watu wake walifunga mawe tumboni siku ya Khandaq, haukuwa umezoea kuhesabu kwa malaki.

Ndipo likaanzishwa daftari, yaani diwani, mwaka wa 20 Hijria (641 Miladia) kwa kauli mashuhuri. Majina ya watu yaliandikwa kwa makabila, wakianzia jamaa wa karibu na Mtume (S.A.W.), na kila jina likawekewa posho yake ya mwaka. Katika Sahihul Bukhari imethibiti kwamba waliohudhuria Badri waliwekewa 5,000 kila mmoja. Wake wa Mtume (S.A.W.) waliwekewa 10,000, na Bibi Aisha 12,000 kwa riwaya iliyoenea. Baada ya hapo viwango vilishuka daraja kwa daraja, elfu nne, elfu tatu, elfu mbili, mpaka kufikia 300 kwa waliokuja mwisho, na ziko riwaya zinazotaja 200. Riwaya za viwango hivi zinapishana, na mwenye kutaka kuzilinganisha atazame Kitabul Amwal cha Abu Ubayd. Lakini hazipishani katika asili ya jambo: aliye juu alipokea zaidi ya mara kumi na tano ya aliye chini.

Umar hakujipendelea wala hakuwapendelea wanawe. Mwanawe Abdullah alimpunguzia, akampa 3,500 ilhali Muhajirina wa mwanzo walipata 4,000, akasema huyu alihama akiwa pamoja na wazazi wake, si kama aliyehama peke yake. Watoto wachanga aliwawekea dirhamu 100 wanapoachishwa ziwa. Kisha usiku mmoja akasikia mtoto analia, akamkuta mama anamlazimisha kuacha ziwa kabla ya wakati ili aandikwe daftarini. Umar akalia katika sala yake ya Alfajiri, na akatangaza kwamba mtoto ataandikwa tangu siku anayozaliwa. Khalifa mwenyewe alipofariki alikuwa na deni la dirhamu 86,000 au karibu yake, akamuusia mwanawe alilipe. Hayo yamo katika Bukhari.

Kwa hiyo hapakuwa na wizi, wala rushwa, wala upendeleo wa nasaba ya mtawala. Lakini elfu tano za kila mwaka hazikai kisandukuni. Mwenye mia tatu anazila. Mwenye elfu tano anakula, anasaza, na kile alichosaza ananunulia shamba au anakitia katika biashara, na mwaka unaofuata hapokei tena posho peke yake, anapokea posho na mapato ya shamba. Baada ya miaka kumi, wawili hawa hawatofautiani tena kwa kiasi kilichoandikwa daftarini.

Umar aliliona hilo kwa upande mmoja mapema sana. Iraq ilipofunguliwa, majeshi yalitaka ardhi ya Sawad igawanywe kwao kama ngawira. Bilal na Abdurrahman bin Auf (R.A.) walikuwa miongoni mwa walioshikilia rai ya kugawa. Umar akakataa, na pamoja naye walikuwa Uthman, Ali na Talha. Aliuliza: ikiwa ardhi na wakulima wake vitagawiwa hawa walioko leo, na kurithiwa na watoto wao, watakaokuja baadaye watapata nini? Wajane na mayatima watapata nini? Akatoa ushahidi wa aya za Suratul Hashri, ambamo mgao umetajwa kwa Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Na katika aya ya 7 ya sura hiyo Allah (S.W.) ametaja hekima ya mgao wa fai, kwamba mali isije ikawa inazunguka baina ya matajiri peke yao. Ardhi ikabaki mikononi mwa wenyewe, ikapimwa na Uthman bin Hunayf (R.A.), ikafikia jaribu 36,000,000, na kodi yake ikawa ya umma.

Nashangaa sana kwamba tunapoisoma Suratul Hashri mimbarini aghlabu tunaikimbilia sehemu ya mwisho wa aya hiyo ya 7, ile ya kushika anachotupa Mtume na kuacha anachotukataza, tukaitumia katika mas-ala mengine. Sehemu ya kwanza, iliyo kabla yake kwa maneno machache tu, hatuigusi.

Tena imepokewa kwa Umar, mwishoni mwa maisha yake, kauli mbili. Ya kwanza, kwamba akiishi mpaka mwaka ujao atamwunganisha mtu wa mwisho na wa mwanzo, wawe kitu kimoja katika posho. Ya pili ni nzito zaidi, nayo ameitaja Ibn Hazm katika Al-Muhalla na kuisahihisha sanad yake: kwamba lau angeyajua mwanzo aliyoyajua mwisho, angechukua ziada ya mali za matajiri akaigawa kwa mafakiri wa Muhajirina. Mwenye kauli hizi ndiye aliyeweka daraja zile. Aliona matunda ya rai yake, akaazimia kurejea kwenye rai ya Abubakar. Mwisho wa Dhul-Hijja mwaka wa 23 Hijria (644 Miladia) akachomwa kisu akiwa anasalisha Alfajiri, na mwaka ule ujao hakuufikia.

MIRATHI YA AZ-ZUBAYR

Mwenye kutaka kuona pengo lilifika wapi, asome hadithi ya mirathi ya Az-Zubayr bin Al-Awwam (R.A.), iliyomo katika Sahihul Bukhari, mlango wa khumsi. Aliuawa mwaka wa 36 Hijria (656 Miladia) baada ya kuondoka katika vita vya Jamal. Hakuacha dinari wala dirhamu taslimu. Aliacha ardhi, na nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Aliacha pia deni la 2,200,000.

Deni hilo lilitoka wapi? Watu walikuwa wakimletea amana awawekee. Yeye akichelea isije ikapotea, alikuwa akikataa kuichukua kama amana, akisema iwe mkopo. Hapo alikuwa anajitwika dhamana kwa uaminifu wake, kwa sababu amana ikipotea bila uzembe hailipwi, na mkopo lazima ulipwe. Lakini tazama pia upande wa pili wa mas-ala haya: mkopo unaruhusika kutumiwa, amana hairuhusiki. Mali za watu ziliingia mikononi mwa mtu ambaye tayari alikuwa na mali, na zikafanya kazi. Shamba la Al-Ghaba alilolinunua kwa 170,000 mwanawe Abdullah aliliuza kwa 1,600,000. Abdullah akakataa kugawa mirathi mpaka ainadi miaka minne katika msimu wa Hija, mwenye deni kwa Az-Zubayr ajitokeze. Ndipo wakagawa, na kila mke katika wake wanne akapata 1,200,000. Wanazuoni wa hadithi wamesumbuka na jumla yake, kwani riwaya inataja jumla ya 50,200,000, na ukikokotoa kutoka fungu la wake, pamoja na thuluthi ya wasia na deni, unapata 59,800,000. Ibn Hajar ameieleza kadhia hiyo kwa urefu katika Fat-hul Bari.

Na mpokezi ameona ni lazima aongeze kwamba Az-Zubayr hakuwahi kushika ugavana wala kukusanya kodi ya kharaji. Kwa nini ilibidi lisemwe hilo? Kwa sababu hata wakati ule msikilizaji akisikia mali nyingi namna hiyo, la kwanza alilowaza ni madaraka. Mpokezi anamwambia: hapana, hii ilikuwa halali.

Wenyewe hawakuwa wakistarehe nayo kwa utulivu. Abdurrahman bin Auf, aliyeingia Madina mikono mitupu akaomba aonyeshwe soko tu, aliletewa chakula siku moja akiwa amefunga. Akamkumbuka Mus-ab bin Umayr (R.A.) aliyekufa Uhud bila sanda ya kumtosha, kichwa kikifunikwa miguu inabaki nje. Akalia mpaka akakiacha chakula. Alipofariki mwaka wa 32 Hijria aliwausia waliobaki katika watu wa Badri dinari 400 kila mmoja. Khabbab bin Al-Aratt (R.A.), aliyekuwa mtumwa mhunzi Makka na kuchomwa kwa moto kwa ajili ya dini, alikuwa kitandani Kufa katika maradhi yake ya mwisho, na pembeni ya nyumba yake mna dirhamu 40,000. Akawa analia kwa ajili ya zile dirhamu, akiogopa isije ikawa ndiyo malipo yake yaliyotangulizwa duniani.

HOJA YA ABU DHARRI

Mtu mmoja hakuishia kulia. Abu Dharri Al-Ghifari (R.A.) alikuwa Sham, Muawiya (R.A.) akiwa gavana, nao wakakhitalifiana juu ya aya ya 34 ya Suratut Tawba, ile ya wanaolimbika dhahabu na fedha. Muawiya alisema imeteremka kwa Ahlul Kitab. Abu Dharri akasema imeteremka kwao na kwetu pia. Muawiya akamwandikia Khalifa Uthman (R.A.) kushtaki, Uthman akamwita Madina. Watu wakamzonga, anasema mwenyewe, kana kwamba hawajapata kumwona kabla ya hapo. Akamweleza Uthman, naye akamwambia akipenda ajitenge awe karibu. Akaenda Rabadha, akafia huko mwaka wa 32 Hijria. Masimulizi haya tumeyapata kwa Zayd bin Wahb aliyepita Rabadha akamuuliza mwenyewe, nayo yamo katika Bukhari. Abu Dharri alimalizia kwa kusema kwamba lau angetawalishwa Mhabeshi juu yake angesikia na kutii. Hakuwa mchochea fitna. Zile hadithi za kwamba alifundishwa maneno hayo na Ibn Sabaa zimetokana na Sayf bin Umar, naye ni dhaifu mbele ya wanazuoni wa hadithi.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba Abu Dharri mwenyewe alikuwa ndani ya daftari. Ibn Saad amepokea katika Tabaqat kwamba posho yake ilikuwa 4,000. Ikifika, alimuuliza mtumishi wake kitakachowatosha mwaka, akakinunua, na iliyobaki akaigeuza sarafu ndogondogo za kugawa. Alizungumza akiwa ni mmoja wa waliopewa zaidi.

Rai yake ilikuwa kwamba kilichozidi haja ya mtu ni kanzi. Jamhuri hawakumfuata. Abdullah bin Umar alipoulizwa na bedui mmoja juu ya aya hiyo, alijibu kwamba makamio yake ni kwa asiyetoa Zaka, na kwamba Zaka ilipofaradhishwa Allah aliifanya kuwa kitakaso cha mali. Hii ndiyo kauli inayofutuliwa, na dalili yake ni yenye nguvu: lau kila ziada ingekuwa haramu, aya za mirathi zingegawa nini?

Hilo ndilo jibu nililompa kijana. Kosa langu ni kudhani kwamba mafakihi waliishia hapo.

YALIYOMO KATIKA VITABU VYETU

Imam Shafii, ambaye sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu yake, aliitazama ikhtilafu ya Abubakar na Umar katika Al-Umm, akachagua kusawazisha. Dalili yake ni ya kifaqihi kabisa: ndugu hurithi sawa ingawa mmoja alimfaa marehemu na mwengine hakumfaa kitu, na askari hupata fungu sawa la ngawira ingawa mmoja alipigana kwa ushujaa na mwengine alisimama tu. Al-Mawardi naye katika Al-Ahkamus Sultaniyya anataja kwamba kusawazisha ni mwendo wa Abubakar na Ali, na kumechukuliwa na Shafii na Malik, na kupendelea ni mwendo wa Umar na Uthman, na kumechukuliwa na Abu Hanifa na mafakihi wa Iraq.

Kisha fungua Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo wengi wetu tumeisoma tukiwa vijana. Katika mlango wa kugawa sadaka, baada ya kutaja kauli kwamba fakiri apewe kinachomtosha mwaka, Nawawi anaitangulizia kauli iliyo sahihi zaidi na iliyoandikwa na Shafii mwenyewe: apewe kinachomtosha umri wa kawaida wa mtu, anunuliwe kwacho milki ya kumwingizia chumo. Mafakihi wetu wakafafanua kwamba mwenye ufundi anunuliwe vifaa vyake, na mfanyabiashara apewe rasilimali ya biashara anayoiweza. Maana yake mpokeaji atoke katika safu ya wapokeaji. Abu Ubayd ameipokea maana hiyo kwa Umar, aliyeamrisha kwamba mnapotoa, toeni mtajirishe.

Sasa linganisha hayo na Zaka yetu. Mwezi wa Ramadhani watu wanajipanga mlangoni kwa tajiri tangu Alfajiri, kila mmoja anapata noti moja au kilo mbili za mchele, na mwakani wanarudi walewale, pamoja na watoto wao waliokwisha kukua. Mali imetakasika, pengo liko palepale. Nami nimewahi kusimama kando ya tajiri katika zoezi hilo, nikimwombea dua, bila ya kumwambia kilichomo katika Minhaj.

Tena katika kitabu hichohicho, mlango wa Siyar, Nawawi anahesabu katika faradhi za kutosheleza kuondoa madhara kwa Waislamu, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, iwapo Zaka na Baitulmali hazikutosha. Neno iwapo hilo ndilo jibu la kijana. Baada ya Zaka liko neno. Si haki ya masikini kunyang'anya, wala si kanzi kama alivyosema Abu Dharri. Ni faradhi iliyo shingoni mwa wenye uwezo wa mji ule, ikiachwa wanapata dhambi wote. Ibn Hazm amekwenda mbali zaidi, akasema mtawala awalazimishe.

Nilimtafuta yule kijana wiki iliyofuata, nikakaa naye barazani nikamsomea pale mahali pa Minhaj, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama Sayyidna Umar aliwaandika watu wote, mpaka mtoto wa siku moja. Nikamwambia naam. Akauliza ni nani katika mtaa wetu aliye na daftari la masikini. Nilifikiri kidogo, nikamwambia hakuna. Siku ile ile baada ya Isha tukaanza kuandika majina, yeye akiwataja, kwa kuwa anawajua kuliko mimi.

Wallahu aalam.